Kidole Gumba

Gari la Baba Askofu limekwama darajani.
Tunasubiri ndani ya ukungu,
wanakwaya mikono kwapani,
Padri Mgaya anatazama saa, anatazama barabara,
mwishowe anatuma vijana kumi wenye majembe.
Januari ya huku Njombe haina adabu:
tope halimjui mwenye kofia wala mwenye ndala.

Nimesimama nyuma, karibu na masufuria,
mahali pa waliochangia kwa mgongo.
Waliochangia kwa fedha wamekaa mbele, kwenye viti vya kukodi,
majina yao yameandikwa ukutani, langoni, kwa rangi ya bluu.
Sina kinyongo.
Tulalumba Ngimbudzi ni jina refu,
lingewamalizia rangi.

Miaka mitatu, Jumamosi kwa Jumamosi,
zamu ya jumuiya yetu ilipofika
tulishuka bondeni, tukaukanyaga udongo hadi ukalainika,
tukafyatua, tukapanga, tukafunika kwa nyasi
mvua isije ikayalamba matofali yakiwa mabichi.
Usiku wa tanuru tulichochea kuni za miwati,
tukafukia viazi majivuni,
na mzee Luhwago alihesabu kwa maharage mfukoni,
matofali mia, harage moja,
mpaka mkewe akamwuliza mboga imekwenda wapi.

Watu waliniuliza pia.
Tulalumba, unambebea nani?
Maana shule ni ya wasichana
na mimi Mungu kanipa wavulana watatu,
wote miguu mikubwa, wote wanakula.
Nilikaza kata kichwani, nikapanda kilima.
Ukiwa na tofali sita kichwani
huruhusiwi kutikisa shingo, hata kwa kukataa.

Ila lipo jambo.
Mwaka niliofaulu darasa la saba
karatasi ilikuja na muhuri, shule iko mbali, Iringa huko,
na orodha: shuka mbili, ndoo, jembe, ada.
Baba aliisoma mara mbili. Akaikunja,
akaichomeka juu, kwenye nyasi za paa.
Akasema, hapo itakaa salama.
Ilikaa.
Panya waliisoma mpaka mwisho.

Basi siku moja, tofali likiwa bado na maji,
nilitazama huku na huku
nikalibonyeza kwa kidole gumba.
Kuandika jina nilijua. Sikutaka jina.

Nililifuata kwa macho lile tofali,
tanuruni, kichwani mwangu, mkononi mwa fundi Kisinda,
hadi akaliweka: darasa la kwanza, dirisha la pili,
mstari wa nne kutoka chini.
Kisha wakaja watu wa lipu,
kisha rangi ya maziwa,
na ukuta ukawa kama kurasa ambazo hazijaandikwa.

Askofu kafika kwa miguu, kanzu tope hadi magotini.
Watu walipiga vigelegele kuliko kama angefika na gari.
Akabariki milango, ubao, vyoo,
akanyunyiza maji ukutani, na pale dirisha la pili
nilijikuta nimeshusha kichwa,
kana kwamba tone moja limenipata mimi.

Hotuba zikaanza. Nikapenya darasani.
Kwenye dawati la dirishani kakaa mtoto,
tranka miguuni, ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi,
sketi imenunuliwa ya kukulia.
Mgongo kauegemeza ukutani, analia kimyakimya
kama wanavyolia wa kwao mbali.

Akajifuta haraka. Akasimama.
"Shikamoo. Wewe ndiye mwalimu?"

Nilitaka kumwambia mengi.
Nikamwambia, marahaba,
hapo ulipokaa ni pazuri, usihame,
ukungu ukiisha jua huanzia hapo.

Halafu nikakimbia, maana nilisikia harufu,
wali ulikuwa unaungua.