Picha Kumi za Bwana Ussi

Mie ni fundi wa fremu,
kazi yangu ya kudumu,
nimerithi kwake amu
dukani Mkunazini.

Jana kaja Bwana Ussi,
kavaa suti nyeusi,
kashika makaratasi,
kayafumbata kwapani.

Asema, "Ni za Faransa,
za kale, siyo za sasa,
nimezitolea pesa,
za kupamba ukumbini.

Wageni watatazama,
wajue nimeshasoma,
nimetembea na Roma!
Fremu ziwe za thamani."

Katoka, nikafungua,
kicheko nikaangua:
watu wote nawajua,
ingawa wa ugenini!

Kuna bibi kajipamba,
kiunoni kama kamba,
chini nguo imevimba,
jicho kwenye darubini.

Jukwaani mtu afa,
yeye hana taarifa;
lulu zampa kifafa
za jirani sikioni.

Huyu ndiye Bi Zuwena:
noti moja, mbili hana,
ainuka tena, tena,
kila wimbo tarabuni.

Atunza ili apite,
mshono waone wote,
shoga ameze na mate
aliyekaa pembeni.

Ya pili: bwana kalala,
kashiba kila chakula,
kiti kalipia hela,
akoroma hadharani.

Makofi yamzindua,
apiga kushinda mvua,
"Vyema!" huku hakujua
kimeimbwa kitu gani.

Nikaishika kwa taa:
namna alivyokaa,
na kifungo kukataa
kufungika kitambini…

Wallahi ni Bwana Ussi!
Tofauti ni libasi,
na yule ana farasi,
wetu gari la madeni.

Ya tano: wachelewao
makusudi, na wenzao,
wapite na nguo zao
magotini, vidoleni.

Hao kwetu tele, tele!
Saa nne, waja mbele,
wainuliwe wavyele,
wao wakae vitini.

Ya mwisho: nyuma ya ngoma
mpiga fidla kainama,
apiga mwayo, ahema,
na upinde mapajani.

Yule hakuchekwa sana.
Mchoraji alimwona
ni mtu, na ana wana;
hapo wino ni laini.

Kumi na saba miaka
na fidla nilizunguka,
nikipiga, wakicheka,
kula kwangu ni jikoni.

Ussi leo karejea,
ya kitambi kasogea,
kwa kicheko kalegea,
machozi tele machoni.

"Hawa Wafaransa hawa
haya hawakujaliwa!
Mtu mzima, muruwa,
kasinzia tamashani!"

Ulimi nikaubana;
kodi ya duka ni jana,
na mteja ni hazina.
"Kweli," nasema, "jamani!"

Kahesabu moja moja.
"Fundi, hapa pana hoja:
kumi ndizo zilokuja,
moja i mahala gani?"

"Imeliwa, si kidogo.
Mchwa wale wa magogo
hawaogopi vigogo,
wamepita kabatini."

Katoka na mali yake,
kabeba kitambi chake
kwa fremu na bei yake
mpaka kwake Shangani.

Mwenzangu na wake mwayo,
fremu sina ifaayo;
twafahamiana moyo,
pini nne ukutani.

Nikifunga, nikichoka,
wake mwayo hunifika,
kinywa changu hufunguka,
sote wawili kazini.