Naitwa Hayakuhusu

Waungwana nasalimu, hapa kwetu ni Katumba,
Ni mbwa mwenye majukumu, mlinzi wa hii nyumba,
Sikio moja timamu, jingine kama kilemba,
Kwa jina la kujigamba, naitwa Hayakuhusu.

Jirani Mama Sekela, kila kitu auliza,
"Mmepika nini? Mwala? Yule ng'ombe mmeuza?"
Baba akatunga hila, jina langu akawaza,
Huniita akipaza, "Njoo, we Hayakuhusu!"

Mama Sekela hununa, mashavu kama machupa,
Ila sisi twapendana, nyuma ya ua hunipa,
Kwa ukarimu mwanana, makombo yenye mifupa,
Ugomvi ninaukwepa, mfupa unanihusu.

Huku kwetu ni baridi, mvua haina likizo,
Na mimi, mwenye weledi, nimelipata tulizo:
Jikoni sipigi hodi, jivuni ni kiliwazo,
Wezi wakija, mizozo, wenyewe itawahusu.

Hawa watu nimefuga, sita kwa hesabu yangu,
Mama hupika mbalaga, sehemu hushuka kwangu,
Lugano ninamroga, kwa jicho lenye uchungu,
Kilicho ndani ya chungu, daima kinanihusu.

Bodaboda nafukuza, mpaka shamba la chai,
Sijawahi kuiweza, nikiishika, sijui,
Bata dume akikaza, shingo, mimi simjui,
Ni jasiri, sikatai, ila bata hanihusu.

Watu hawa wana mambo, hujiosha bila kosa,
Nikijipakaza shombo, Atupele hunitesa,
Kwa gunzi, maji na wimbo, hunisugua kabisa,
Huenda upya kunusa, mbolea inanihusu.

Baba koti alivua, siku moja, sebuleni,
Harufu nikaijua, ya samaki mfukoni,
Mfuko nikafungua, kwa meno na kwa makini,
Kumbe karatasi ndani, samaki hata hahusu.

Nikatoka nayo mbio, nikapenya michongoma,
Baba nyuma kwa kilio, ndala moja, akahema,
Kwenye langu kimbilio, kule nipewako nyama,
Nikaitua salama, kwa yule yasomhusu.

Miwani akaivaa, akasoma kwa sauti,
"Mkopo!" akashangaa, "dhamana ni makabati,
Godoro la kulalia, redio, hata na suti!"
Baba topeni kaketi, kafoka: "Hayakuhusu!"

Tuliitika pamoja, mimi na Mama Sekela,
Nilibweka mara moja, nikidhani tunakula,
Naye akatoa hoja, kwa upole na fadhila,
"Ndaga, jirani, si hila, haya sasa yanihusu."

Hukumu ikapitishwa, nilale kule mvuani,
Jivuni nikaondoshwa, nikalia mlangoni,
Kilemba kikaloweshwa, maji hadi ubavuni,
Bibi akaja gizani, "Ingia, Hayakuhusu."

Bibi huyu hana meno, mimi ninayo ziada,
Tuna siri ya mkono, nyama ngumu ni faida,
Mezani, pasipo neno, hushuka kama ibada,
Baba akileta mada, hujibiwa, "Yakuhusu?"

Juzi naona kioja, kwa Mama Sekela kule,
Kaleta kibwa kimoja, kina tumbo kubwa mbele,
Jina lake lina hoja, hulipaza kwa kelele,
Ni Tulishajua, yule, mwenza wa Hayakuhusu.

Sasa jua likishuka, ua mzima huita,
Jina langu likiruka, la mwenzangu linapita,
Sisi wawili twacheka, mfupa wetu twavuta,
Deni likija kuita, jivu langu halihusu.