Mrithi wa Nne

Kanzidata ya falaji nimeirithi pamoja na kiti
chenye mguu mbovu na birika lisilo kifuniko.
Aliyeitengeneza, Thuwaini, kahamia Sohari.
Simu hapokei.

Ibra, mwezi wa nane. Kiyoyozi kinakoroma.
Nafungua jedwali lake, moja tu,
pana kama mkeka wa harusi:
Mmiliki. Zamu. Athari ngapi, kila athari nusu saa ya maji.
Mrithi1. Mrithi2. Mrithi3.
Kisha Maoni.

Nikacheka. Nani Ibra hii hufa akaacha watatu?

Mzee Sleyum kaandikwa kwa namna tano,
na wote watano wanadaiwa ada ya kuzibua mfereji.
Na msimbo wenyewe! x, y, xx, xx2,
na juu kabisa mstari mmoja wa amri:
kosa likitokea, pita, endelea.
Miaka kumi na moja
makosa yamepita, yameendelea.

Jumatatu kaja Bi Ghaniya, mzaliwa wa Kigoma.
"Mwanangu, baba katuacha saba.
Kaka zangu watatu wanamwagilia.
Sisi wanawake wanne tunanunua maji mnadani.
Maji ya baba yetu."

Nikatafuta. Kwenye Maoni, mwisho wa mstari:
*na mabin*
Nafasi ilikuwa imekwisha.

Sikumwonyesha. Nilimmiminia kahawa, ikamwagika.

Usiku nikalivunja lile jedwali.
Watu kwao, kila mtu mara moja,
na namba isiyobadilika hata jina likosewe vipi.
Hisa kwao.
Katikati, jedwali jembamba, refu litakavyo:
nani, hisa ipi, fungu gani.
Warithi saba, mistari saba.
xx2 nikaipa jina la kazi yake: salioLaZamu.
Ule mstari wa "pita" nikaufuta,

na mashine ikapiga kelele mpaka alfajiri.
Makosa mia nne na sita.
Nikayapokea moja moja, kama watu wa matanga.

Athari kumi za marehemu:
kila kaka mbili, kila dada moja.
Nusu saa, Bi Ghaniya. Nusu saa kila zamu.

Wakili wa falaji kaipindua karatasi,
kaangalia nyuma, hakuna kitu.
"Nani kakwambia uyaguse maji?"
"Maji sijayagusa. Nimegusa safu."

Hajatia saini.
Kalamu anayo, kaiweka sikioni.
Na Bi Ghaniya kasema
Alhamisi atapita.