Sifuri Hadi Kumi

Langoni, chumba cha pili, feni inalia upande mmoja.
Muuguzi Komora ananiwekea karatasi, kalamu juu yake,
kama anayemwandalia chai mgeni asiyemjua.
"Siku saba zilizopita," anasoma.
"Sifuri, hakuna shida. Kumi, haivumiliki."

Kuchana nywele.
Nywele zangu huzichana Tima, tangu Mfunguo Mosi.
Niandike ugumu wangu au wake?
Anacheka kidogo. "Kama ungechana mwenyewe."
Naandika nane. Nane ya kukisia.

Kutembea.
Juzi kichochoroni alinijia punda na mifuko ya saruji,
nikajibandika ukutani kumpisha.
Ukuta uligusa bega tu, uligusa,
nikapiga yowe hadi mwenye punda akaomba radhi.
Hilo ni kutembea, au ni kusimama?

Maumivu yamepewa mstari mmoja.
Bega huwanga. Goti hukeketa.
Ngozi ya mgongo huchonyota kama iliyopakwa ndimu,
vidole hufa ganzi, kisha huamka na hasira zao.
"Yote hayo," asema Komora, "nambari moja."

Daktari wa Mombasa aliinua picha dirishani:
damu safi, mifupa kama ya msichana.
Mume wangu Shee aliipokea habari ile kama risiti,
na kila nikijinyoosha mchana huitoa:
"Mato mazima, mifupa mizima. Yeo tena una nini?"

Mimi nina kipimo changu.
Nashona kofia za vito.
Mwaka juzi, kati ya adhuhuri na alasiri, vito arubaini.
Sasa kumi na viwili,
na hicho cha mwisho kimepinda mdomo.
Kofia ya harusi ya Bunu bado haina utosi;
Bunu mwenyewe keshaoa, mtoto wake anatambaa.

Nikaitoa mkobani. Komora akahesabu
kwa ncha ya kalamu, bila kugusa uzi.
Hapakuwa na kisanduku cha vito.
Akageuza karatasi, akaandika nyuma.

Usingizi: naamka kama niliyepakua mawe usiku kucha.
Tisa.
Kisha akauliza jambo, nami nikatazama feni,
nikamwomba arudie.
"Kumbukumbu," akasema.
Tukatazamana.
Hilo alilijaza mwenyewe.

Jumla: sitini na nane juu ya mia.

Niliifunga ile nambari kwenye pindo la kanga.
Shee huuza misumari; huamini kilichopanda mizani.
Nilimwambia akiwa anafunga duka.
"Sitini na nane ya nini?"
Sikuwa na jibu. Kilo? Shilingi?
"Juu ya mia," nikasema.
Hakusema kitu. Alihesabu misumari ya nchi tatu
ambayo alikuwa ameshaihesabu.

Kesho yake nilisikia mbao zikigonga ngazi:
yeye na kijana wa jirani wanakishusha kitanda
kutoka orofani, mguu mmoja mmoja,
wakigombana nani arudi nyuma kwanza.
Kikawekwa karibu na birika. Hakunitazama.

Komora atarudi baada ya miezi mitatu, maswali yaleyale.
Ataniuliza kupanda ngazi.
Nimeliwazia tangu jana, sindano mkononi, kito cha tano.
Ngazi sizipandi tena.
Nikiandika sifuri, watasema nimepona.