Kiapo cha Kubandika

Nyumba za Mkomani hazina namba.
Hati ilisema: Lali Shekuwe, nyumba yenye wikio,
nyuma ya msikiti,
na misikiti hapa ni mingi kuliko maduka ya mkate.
Nikatia samansi mkobani,
nikauliza njia kwa wauza mahamri.

Shauri ni la chumba kimoja tu,
chumba kilichoning'inia juu ya uchochoro,
mguu mmoja kwa Lali, mguu mmoja kwa Zena binti Famau,
binamu yake. Chini yake hupita watu,
hupita mizigo ya makuti, hupita jeneza.
Nani mwenye chumba kisichogusa ardhi?

Zena alianza kwa kadhi.
Kadhi akasoma, akavua miwani:
"Hapa hakuna maiti wala talaka.
Mirathi yenu iligawanywa zamani, hili ni la ukuta.
Vuka njia, mlango wa pili."
Haki nayo ina mlango wake.
Ukibisha usio wako utajibiwa kwa adabu,
urudi na ulichokuja nacho.

Mlango wa pili, dirisha la usajili:
karani Bwanahadi na muhuri uliokauka,
aliuhemea kwanza, kama mtu apashaye mikono.
Ada ikalipwa, risiti ikakatwa,
ugomvi wa miaka tisa ukapewa namba.
Siku kumi na tano za kufika.
Asipofika, litasikilizwa bila yeye.

Nilikwenda mara tatu.
Mara ya kwanza mkewe alisema: hayupo.
Mara ya pili, Hayupo alikohoa ghorofani.
Mara ya tatu nilibandika.
Mlango ulichongwa kabla babu yake hajazaliwa,
mayungiyungi, minyororo, hapana pa kupumzisha jicho;
msumari ningeupigilia wapi?
Nikapaka gundi ya shule ya mwanangu.

Kisha nikala kiapo: tarehe, saa, mlango.
Hati ya kiapo haina nafasi ya kikohozi.

Siku ilipofika Lali hakufika.
Hukumu ikatoka upande mmoja,
Zena akanunua kufuli jipya.

Ndipo Lali akaja mbio na wakili wa kutoka Malindi:
hukumu itenguliwe, hakupata habari.
Wakaniita mimi.
Mimi niitaye watu, nikaitwa.
"Ulibandika?"
"Nilibandika."
"Ikakaa muda gani?"
Nyuma yangu mtu akacheka, maana mji mzima unajua:
punda wa Mwenye Kombo aliila kabla ya adhuhuri,
muhuri na yote.
"Mheshimiwa, niliapa kubandika.
Sikuapa kulinda."

Hakimu hakucheka. Aliandika kwa mkono, polepole,
tukisikiliza kalamu.
"Mtu asihukumiwe kwa karatasi aliyoila punda.
Wala mtu asijifiche nyuma ya punda.
Hukumu imetenguliwa. Gharama za leo ni za Lali.
Samansi mpya."

Zena alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekula.
Miezi minane, na kufuli lake
sasa linafunga kabati la sukari.

Leo nimerudi na nakala.
Mvua ya alfajiri bado inadondoka kutoka wikioni,
tone moja limeangukia neno "mdaiwa".
Kabla sijabisha, mlango umefunguka:
Lali mwenyewe, shuka kiunoni, kalamu yake mkononi.
"Nikitia sahihi, ni kukubali?"
"Ni kupokea tu."
Anasoma yote, hadi jina la mpiga chapa.
Anakohoa. Namjua kwa kikohozi.
Anatia sahihi.

Juu yetu, chumbani,
mtu anasogeza kitu kizito sakafuni.
Wote wawili tunainua macho.
Sijui ni wa upande gani.