Karatasi Haiingii Sauna

Majira kumi na moja ya baridi nimeandika
ndani ya gari la kusukuma theluji, saa tisa za usiku,
injini ikinguruma palepale, mafuta yakingoja kupata moto,
daftari gotini, kalamu nimeibana kwapani
wino usigande.

Barabara ya Kemijärvi haina wa kukuhoji.
Theluji naipindua, nailaza kando,
kesho inaanguka nyingine juu yake
wala hakuna asemaye, hapa palipita mtu.
Nilitaka na maneno yangu yawe hivyo.

Siku moja nikasahau daftari kituo cha mafuta.
Kilomita arobaini nilirudi, bapa la chuma limeinuliwa,
nusu ya wilaya haijasafishwa.
Nililikuta kaunta, kando ya mashine ya kahawa,
limefungwa, kimya,
kama mtoto aliyekwisha kutoa siri.
Kijana wa zamu akanitazama. Alisoma? Hakusoma?
Alisema tu, "Usiku mwema."
Miaka miwili nikajaza mafuta kwingine.

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakuwa na Ijumaa kama zetu:
tunavua zote, soksi, hata saa ya mkononi,
wanawake wanne juu ya benchi la mbao, gizani,
na bado kilinila.
Karatasi haiingii sauna. Hulowa, hujikunja, hufa.
Mfuko hakuna. Pa kujificha ni mvuke tu.

Hellevi, anayefundisha kemia, alisema, si kwa yeyote:
"Usiku aliofariki mama, theluji ilifika magotini,
nami nikafika hospitali bila kuteleza.
Sijui nani alitangulia."

Nilijua nani.
Nilijua na saa. Nilijua hata nilichoandika alfajiri ile
baada ya kuona gari moja nyuma yangu
lisilotaka kunipita.

Koo likanikauka, katikati ya mvuke wote ule.
Aune akamwagia mawe maji; mawe yakafoka,
nami nikapenyeza sauti humohumo, chini ya mfoko,
nikidhani hawatasikia:

*Taa mbili nyuma yangu, zina haraka, haziombi njia.*
*Masanduku ya barua yanainama tukipita.*

Mstari wa tatu ulinitoka.
Nikabuni mwingine papo hapo, mbovu,
wenye "milele" ndani yake,
nikaona haya hadi visiginoni.

Kimya. Mbao zikatatarika.
Nilihesabu matone yakidondoka kidevuni: tisa.
Kisha Sirkka, ambaye hupima samaki sokoni
na hasamehi hata gramu:
"Hilo la masanduku silisadiki. Sanduku haliinami."
Na Aune: "Milele itoe."
Hellevi hakusema neno. Alisogea,
bega lake la jasho likagusa langu,
likakaa hapo.

Baadaye, tukikanyaga theluji kwa miguu mitupu,
moshi ukitutoka migongoni kama mikate:
"Rudia ule wa kwanza," akasema.
Nikarudia. Akataka tena.
Mara hiyo nilipaza hadi mbwa wa jirani akabweka,
na Sirkka akamwambia, nyamaza wewe, mtu anasoma.
Anasoma! Sina hata kipande cha karatasi,
sina hata taulo.

Jumatatu, saa kumi na robo, kilomita ya kumi na nane,
nilisimamisha gari, nikashuka na tochi.
Sanduku la barua la akina Ylitalo:
nililizunguka, nikalipima kwa jicho.
Sirkka alisema kweli, haliinami.
Limeegemea. Kidogo tu, upande wa barabara,
kama mtu mwenye sikio moja zima.

Nikafuta neno, nikaanza jingine,
wino ukagandia katikati.
Nililimalizia kwa penseli aliyonipa Hellevi pale mlangoni,
akifunga kamba za viatu, bila kuinua uso:
"Hii haigandi. Niulize mimi."