Kisu na Ala

Turku, Januari. Saa kumi, giza limeshatanda.
Raili ameinamia darubini:
seli T za panya, changa, juzi tu zimetoka tezini,
hazijajua ni askari au wasuluhishi.

Kuna protini moja hushika uzi wa jeni,
husoma hapa, huruka pale,
na seli iliyozaliwa na kisu mkononi
hujifunza kukirudisha alani.

Katika panya huyu Raili ameifuta.
Wiki ya tatu: ngozi magamba, bandama imevimba,
jeshi limeigeukia nyumba iliyolilea.

Simu inatetema. Ni Tuure, kaka yake,
ajidungaye insulini tangu ana miaka sita.
"Umekula?" anauliza.

Raili anarudi kwenye lenzi.
Kikulacho hakikuingia nguoni;
kilishonwa nayo.